Kambi ya Makombora Ikitajwa Mtaani Kwenu: Anzeni na Ramani na Kikokotoo

Mwongozo huu ni wa wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kujua la kufanya siku mtambo wa kutungua makombora wa nchi ya nje, au mradi mwingine wa aina hiyo, utakapotajwa Kigamboni, Bunju au kwingineko. Mabango yana nafasi yake, lakini kinachomtoa jasho afisa wa wizara ni namba zake mwenyewe zikihakikiwa na wananchi.

Mfano mzuri ni Akita, Japani, ambako serikali ilitaka kuweka mtambo wa aina hiyo. Mwaka 2019 Wizara ya Ulinzi ilidai maeneo mengine hayafai kwa sababu milima ingeziba rada, ikabaki na uwanja wa mazoezi ya kijeshi wa Araya, jirani kabisa na makazi ya watu. Gazeti la hapohapo, Akita Sakigake Shimpo, likaamua kuhakiki. Mlima ulioandikwa kwamba kilele chake kinaonekana kwa pembe ya nyuzi 15 kutoka kiwanjani ulikuwa na nyuzi kama 4 tu. Wapimaji wa wizara walichapisha mchoro wa mwinuko kutoka Google Earth, wakaweka rula juu yake, bila kuona kwamba kipimo cha wima kimevutwa kuliko cha mlalo. Wizara ikaomba radhi, na imani ya wakazi haikurudi.

Hesabu hiyo mnaweza kuifanya wenyewe kwa simu. Soma mwinuko wa kiwanja na wa kilele, kisha pima umbali wa mlalo kati yake. Tuseme kiwanja kiko meta 20 juu ya bahari, kilele meta 220, umbali meta 5,000. Toa: 200. Gawanya kwa 5,000: 0.04. Bonyeza tan⁻¹ upate nyuzi 2.3. Mchoro wenye wima iliyovutwa mara nne ungekupa nyuzi 9, na hapo ndipo uongo huzaliwa hata bila mtu kukusudia. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, yaani nyuzi, la sivyo jibu litakuwa upuuzi. Rudieni watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kulipeleka popote.

Swali la pili ni la kitu kinachoanguka. Kombora la kutungulia husukumwa na sehemu ya kwanza ambayo, mafuta yakiisha, hujitenga na kudondoka. Juni 2020 Japani ilisimamisha mpango wake wote wa nchi kavu baada ya kukiri kwamba haiwezi kuhakikisha sehemu hiyo itaangukia ndani ya kambi bila marekebisho ya gharama kubwa na miaka mingi. Kwa hiyo ulizeni: itaangukia wapi, upepo ukiwa mkali je, na hati gani inathibitisha? Kuhusu mionzi ya rada, msiridhike na neno “salama”. Ombeni umbali wa kipimo, pembe ya mwali, na kama mtambo ulikuwa unafanya kazi kwa nguvu kamili wakati wa kupima. Wavuvi waulize eneo la bahari litakalofungwa, na kwa saa ngapi.

Maombi yaandikwe kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa taasisi siku 30 kujibu. Kosa la kawaida ni kuomba kila kitu kwa pamoja. Sheria hiyo inaruhusu kuzuia taarifa za ulinzi, kwa hiyo barua inayotaja silaha na mipaka ya ardhi kwa pumzi moja inaweza kukataliwa yote. Tenganisheni: barua ya ardhi, barua ya mazingira, barua ya fidia. Kila moja itolewe kopi, na kopi yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Msipige picha eneo la jeshi wala kurusha droni. Ni hatari kwenu, na hamhitaji.

Kwenye ardhi, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inataka notisi itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Fidia, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, iwe kamili, ya haki na ya wakati: thamani ya soko, usumbufu, usafiri, makazi, na faida iliyopotea. Mthamini akipita, asiyekuwepo nyumbani huumia, kwa hiyo piga picha miti, kisima na msingi wa nyumba yako mapema.

Mkataba wenyewe na nchi ya nje ndio wenye mtego. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Makubaliano yasiyo na sharti hilo yanaweza kupita pembeni. Mwandikieni mbunge kabla ya wino kukauka: je, sharti la kuridhiwa limo? Askari wa kigeni akigonga mtu kwa gari, atashtakiwa mahakama ipi? Czech ilitia saini mkataba wa rada na Marekani Julai 2008, lakini Machi 2009 serikali iliuondoa bungeni kwa kukosa kura. Kijiji cha Trokavec, kilicho jirani na eneo lililopangiwa rada hiyo, kilikuwa kimeshapiga kura yake mwaka 2007: 71 wakakataa, 1 akakubali. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria, ila kila mwandishi wa habari aliibeba.

Mkutano ulio salama zaidi ni wa mtaa, ukiitishwa na mwenyekiti, wenye muhtasari na orodha ya mahudhurio yenye saini. Mkutano wa hadhara nje ya hapo unahitaji taarifa ya maandishi polisi, si chini ya saa 48 kabla. Asije mtu na sare ya chama, maana siku hiyohiyo hoja ya mtaa itageuzwa hoja ya chama.

Na msiseme “peleka kwingine”. Seongju, Korea Kusini, wakulima wa matikiti waliandamana mwaka 2016 kupinga mtambo wa Marekani wa kutungua makombora, na mtambo ukahamishiwa uwanja wa gofu ulio karibu na jirani zao wa Gimcheon. Watu wa Gimcheon nao wakaanza kupinga upya. Barua ya kwanza isainiwe na mitaa ya jirani pia, hata ile ambayo haijatajwa.