SOMO: Kufunga mziki kwenye pikipiki kubwa ya safari bila kuunguza nyaya

Wakuu, swali la jinsi ya kufunga mziki unaosikika kwenye pikipiki nimelijibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naliweka lote hapa. Nazungumzia pikipiki kubwa zenye kava la mbele na spika za kiwandani, zile ambazo ukishaiacha Igoma ukashika barabara ya Musoma husikii tena mwimbaji anasema nini.

1. Toa waya hasi wa betri.

2. Fungua kava, toa spika za zamani, pima kipenyo na kina kabla ya kwenda dukani.

3. Nunua spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zenye sauti ya kati iliyo safi. Besi usiihangaikie, ukifika kilomita 80 kwa saa upepo unaimeza.

4. Waya wa umeme. Hapa tusikilizane. Amplifaya, yaani kifaa cha kuzipa spika nguvu, ya wati 100 za kweli, siyo 1000 za kwenye boksi, inavuta kama ampea 10. Ivutie waya wake yenyewe kutoka kwenye betri, milimita 2.5 za mraba, na fyuzi ya ampea 15 ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Waya huo unapita chini ya tangi na kusuguana na fremu kila ukiruka tuta. Plastiki ikitoboka, fremu imeungwa na hasi ya betri, umeme wote wa betri unapita hapo hapo. Ukiwa umeweka fyuzi mbele kwenye amplifaya, kipande chote cha nyuma hakina ulinzi, na juu yake kuna petroli. USIUNGE kwenye waya wa taa. Fyuzi ya 15 ikikatika USIWEKE ya 30, tafuta kilichoikata.

5. Weka relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo, ukizima injini na amplifaya izime.

6. Kata usukani hadi mwisho pande zote, waya usivutike. Rudisha kava.

MASWALI

Mdau wa Buswelu: Mimi nimeunga moja kwa moja bila fyuzi, inapiga poa. Kuna ulazima?
— Hatua ya 4. Isome yote.

Mdau wa Nyegezi: Bei gani mkuu?
— Pikipiki gani? Spika inchi ngapi? Hujapima.

Mdau wa Ilemela: Kuna mlio mwembamba unapanda nikiongeza moto. Simu naichaji hapo hapo huku nimeiunga kwa waya wa mziki.
— Swali zuri sana. Chomoa chaja mlio ukiwepo. Mlio ukikoma, ujue simu na amplifaya zinapata hasi kwa njia mbili tofauti, na kelele ya chaji ya pikipiki inapita kwenye waya wa mziki. Tumia bluetooth, au zipeleke hasi zote sehemu moja. Waya wa mziki usilale pamoja na waya wa umeme. Ukimaliza, pima betri injini ikiwaka, taa na mziki vyote juu. Ikishuka chini ya volti 12.6, betri inaliwa kuliko inavyochajiwa.

Mdau wa Kirumba: Spika za boti zinafaa?
— Zinafaa mno. Koni yake, ile sehemu inayotikisika, ni ya plastiki, hailowi kama karatasi. Waya uingilie chini ya kasha la spika, mvua isiufuate ndani, na toboa tundu dogo chini maji yatoke.