Dirisha umefunga lakini kelele bado zinaingia? Ziba mianya kwanza, pazia baadaye

Umefunga dirisha, umevuta na pazia, halafu pikipiki inapita nje unaisikia kama imekatiza sebuleni. Inachosha mno, hasa kama una mtoto mchanga au unafanya shifti za usiku na mchana ndo muda wako wa kulala. Mi nilianza kwa kununua pazia zito na hela ikaenda bure, kwa hiyo naandika mpangilio ambao ulikuja kufanya kazi kweli.

Sauti inasafiri kwenye hewa, pale hewa inapopenya na kelele inapenya, na wala tundu halihitaji kuwa kubwa. Dirisha likiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata uweke kioo kinene namna gani halitapunguza zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati lililozibwa vizuri linafika 30 na zaidi. Na sikio letu likipunguziwa desibeli 10 linasikia kama sauti imeshuka nusu, kwa hiyo hapo ndo pa kuanzia.

Kutafuta mwanya subiri siku yenye upepo, zima feni, funga pazia pembeni kabisa lisije likashika moto, halafu washa mshumaa upitishe taratibu kuzunguka fremu yote. Moto ukilala upande mmoja, umepata. Kisha chukua kipande cha karatasi, kibane kati ya ubao wa dirisha na fremu, funga, ukivute. Kikitoka kirahisi bila kukwaruza maana yake mpira wa kuziba unaozunguka dirisha haukandamizi. Kwangu ilikuwa kona ya chini upande wa komeo, mpira umekakamaa kama soli ya ndala kuukuu na kipande cha urefu wa vidole viwili hakipo kabisa, na kwa macho usingeona mpaka uiname.

Bandua mpira wa zamani, sugua gundi yote kwa spiriti, acha pakauke. Nunua mpira wenye uwazi katikati, usichukue ule wa sponji maana unalala mapema na haurudi. Ukibandika usiuvute jamani, ukiuvuta baadaye unarudi nyuma na kuacha pengo kwenye kona, palepale ulipokuwa unapaziba. Baadae regeza skrubu za kile kibati komeo linaposhikia, kisogeze kidogo ndani, kaza tena, hapo dirisha linavutwa na kubana. Rudia karatasi.

Halafu kuna sehemu watu wengi wanaisahau, pale fremu inapokutana na ukuta. Mara nyingi chini ya plasta hakuna kitu, hewa tupu. Jaza silikoni, au gundi yoyote inayobaki laini, usitumie saruji wala puti ngumu maana inapasuka na kelele inarudi. Ufa ukiwa mpana shindilia kamba ya sponji kwanza ndo umwage silikoni juu. Ila vile vitundu vidogo vya chini ya fremu kwa nje usizibe, ni vya kutolea maji ya mvua.

Dirisha la kuslaidi badilisha brashi zake, yale manyoya ya pembeni, kelele itapungua ila halitabana kama la bawaba. La luva mi naona usipoteze nguvu, ongeza dirisha la pili kwa ndani.

Na hilo dirisha la pili ndo dawa kubwa kama bajeti ipo. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya vioo, na unene utofautiane, mfano milimita 4 na 6, kwa sababu kila kioo kina sauti fulani kinazopitisha kirahisi na vikifanana vinapitisha ileile. Vioo vya dabo vya kawaida vyenye nafasi ya milimita 12 vimetengenezwa zaidi kwa ajili ya joto na baridi, kwa mngurumo wa lori au besi ya muziki havisaidii sana. Besi ni ngumu, fundi akikuahidi kuimaliza yote usimwamini.

Pazia zito linapunguza mwangwi wa ndani na sauti kali kidogo, basi. Trei za mayai na sponji za ukutani hazizuii kelele ya nje kabisa.

Tahadhari moja naomba uishike: chumba kikishazibwa usiwashe mkaa wala jiko la gesi humo bila njia ya hewa, ile hewa ya sumu inayotoka hapo haina harufu na inaua.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 1999 lilishauri chumbani kusizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Programu ya simu haipimi sawasawa, lakini pima kabla na baada, saa ileile, simu palepale kitandani, utaona tofauti. Isiposhuka, weka sikio kwenye tundu la bomba la eesii, matundu ya hewa juu ya dirisha na chini ya mlango, maana hapo dirisha lako limeshafanya kazi yake na kelele inapita kwingine.