Jinsi ya kuigiza thieta iliyohamishwa London, mchana kweupe na bila umeme

Mwaka jana tulilipia ukumbi hapa Busia, Uganda, tukakodi taa na spika, onyesho halijafika hata nusu umeme ukaenda, watu wakatoka wanamulika njia na simu zao na sisi tukabaki gizani na deni. Tangu siku hiyo mimi maigizo nafanya kama Waingereza wa enzi za malkia Elizabeth wa kwanza, kwa sababu wale hawakuwa na umeme na bado thieta kubwa iliingiza watu karibu 3,000. Walianza kama saa nane mchana, jua ndiyo taa, kwisha. Wakitaka ionekane ni usiku mtu anaingia na mwenge au mshumaa, watazamaji washajua.

Kama uko na vijana wa shule au wa mtaa na hamna pesa, nawapa na hadithi kabisa, maana hii hata mzee asiyejua London iko wapi ataielewa. Mwaka 1576 James Burbage, fundi seremala aliyegeuka mwigizaji, alikodi kiwanja huko Shoreditch kwa miaka 21 akajenga jumba la maigizo, wakaliita tu The Theatre. Miaka ikaisha 1597, James mwenyewe alikuwa ameshakufa miezi michache kabla, na mwenye kiwanja Giles Allen akaanza kuzungusha watoto wa James kuhusu mkataba mpya. Ardhi yake, nyumba yao. Nani Uganda hajui hiyo kesi? Hapa kwetu ukisema neno kibanja tu, yaani kipande unachokaa kwenye ardhi ya mwingine, watu watano wanataka kuongea kwa mpigo.

Basi tarehe 28 Desemba 1598, sikukuu bado, Allen yuko zake shamba nje ya mji, ndugu wawili Cuthbert na Richard Burbage wakaja na fundi mkuu Peter Street na vibarua wakaanza kubomoa, mbao moja moja, kwa uangalifu. Watu wa Allen wakaja kuwazuia, wakaambiwa aah tunaibomoa tu ili tuijenge upya hapahapa! Mbao zikaenda kwa fundi, baadaye zikavushwa mto Thames, na 1599 zikawa thieta mpya, Globe. (Ile ya kusema mto uligeuka barafu wakaburuta mbao juu yake ni tamu ila usiiweke.) Shakespeare, yule mwandishi wa michezo, naye alikuwa na hisa humo, asilimia 10 hivi mwanzoni. Allen aliporudi akaenda mahakamani akidai pauni 800, ati walikuja na mapanga na shoka.

Sasa kazi yenyewe. Andika mchezo wa nusu saa, usizidishe. Lakini USIMPE mtu mchezo mzima. Hapa ndipo siri iko. Zamani hizo karatasi na kunakili ni gharama, na kampuni haikutaka mchezo wake uibiwe, kwa hiyo kila mwigizaji alipata maneno yake peke yake pamoja na mkia, yaani maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake. Iko karatasi moja ya Edward Alleyn, staa mkubwa wa wakati ule, imebaki mpaka leo, inaonekana mstari mrefu halafu mkia. Ya kijana wetu aliyecheza Cuthbert ilikuwa hivi:

______________ kabla Allen hajarudi.
Mama, rudi ndani, baridi itakuua.
______________ mwiko wa baba yako.
Basi kaa, ila usipige kelele.

Unaona? Hajui nani atasema hayo maneno wala atangoja muda gani. Inabidi asikilize. Kata karatasi vipande virefu, gundisha kwa uji wa unga kama huna gundi, zungushia kwenye kijiti ashike mkononi akifanya mazoezi. Sisi fotokopi tulilipia kurasa nne tu! Na wale vijana wanaozoea kusinzia mpaka zamu yao ifike, safari hii macho kodo. Angalia tu mkia mmoja usijirudie mara mbili kwenye mchezo, sisi tulifanya hilo kosa na Peter Street akaingia na nyundo mapema kabisa, watu wakacheka mpaka tukaanza upya.

Halafu chukua karatasi moja kubwa, andika nani anaingia lini na anabeba nini, itundike nyuma ya pazia. Nao walikuwa nayo. Mtu mmoja anaweza kucheza watu watatu, abadilishe kofia.

Jukwaa lisikutoe jasho. Mkataba wa kujenga thieta nyingine ya London, Fortune, wa mwaka 1600 unasema jukwaa futi 43 upana, kama mita 13, na kina kama 8. Sisi tulichora kwa majivu chini ya mwembe, nusu ya hiyo, na shuka mbili nyuma ndiyo milango. Watu wasimame pande tatu, karibu, mpaka wakuone jasho. Ngurumo wale waliviringisha mpira wa mzinga juu ya dari, wewe tumia mawe ndani ya jerikeni.

Nguo ndiyo usibanie. Kampuni za London zilitumia pesa nyingi kwa nguo, gauni moja zuri lingeweza kupita bei ya mchezo mpya. Wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, wavulana ndio walicheza akina mama. Sisi wasichana wanacheza, sitaki maneno na wazazi, lakini Ellen Burbage, mjane wa James, tulimpa mvulana aliyevaa gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Uganda, mshipi umefungwa vizuri kabisa na shangazi yake. Huyu mama alikuwepo kweli siku ya kubomoa, shahidi alisema alitazama na kazi ikampendeza. Kijana hakuwa na maneno mengi, alikuwa anaitikia tu kichwa kila mbao ikishuka, na ndiye aliyepigiwa makofi kuliko wote.

Mwisho wachezeni ngoma. Msafiri Thomas Platter alienda kuona mchezo wa Julius Caesar London Septemba 1599, akaandika kwamba walipomaliza walicheza ngoma, wawili na nguo za kiume na wawili za kike. Pesa kusanya mlangoni mapema na kopo, kule kusimama ilikuwa peni moja, kukaa unaongeza. Na mvua ikinyesha waambie tu ukweli, hata Globe wa peni moja walinyeshewa. Ila mrudishie mwenye jerikeni jerikeni yake bila mawe.