Namna ya kuandika tamthilia ya upelelezi yenye lugha zaidi ya moja, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa wanaoandika au kuhariri tamthilia za upelelezi za televisheni. Skripti nyingi zinazonifikia mezani zimechanganya lugha kama urembo tu: neno la Kikuyu hapa, Sheng kidogo pale, Kiingereza kwa bosi. Hadithi ya upelelezi inasimama juu ya swali moja, nani anajua nini na alikijua lini, na lugha ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuficha na kufichua. Kwa hiyo ipangwe mapema, kama unavyopanga silaha, simu na ushahidi. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kijana wa bodaboda ameuawa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania.

Hatua ya 1: Tafuta mahali ambapo lugha zinakutana zenyewe

Tamthilia ya Bron/Broen, iliyoanza kurushwa 2011, ilimaliza kazi hii kwa picha moja: maiti imelazwa katikati ya daraja la Øresund, juu kabisa ya mpaka wa Sweden na Denmark. Polisi wa Malmö na wa Copenhagen wanalazimika kushirikiana, kila mmoja akisema lugha yake, na hakuna mtazamaji anayeuliza kwa nini. Mwaka 2013 wazo hilo lilihamishiwa kwenye njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na mwaka huohuo kwenye mpaka wa Marekani na Mexico. Likafanya kazi kote huko.

Sisi mipaka ya namna hiyo tunayo tele. Namanga, upande mmoja ni Kajiado, upande wa pili Longido, na Wamaasai wa pande zote mbili ni ndugu. Ongeza Kiswahili cha Arusha, Kiswahili cha Nairobi, Sheng ya makondakta na Kiingereza cha makaratasi ya forodha. Hapo hujalazimisha kitu.

Hatua ya 2: Chora jedwali la nani anaelewa nini

Usiandike hata mstari mmoja wa mazungumzo kabla ya jedwali hili. Kila mhusika apate safu tatu:

- lugha anazozungumza;
- lugha anazozielewa, hata kama hazungumzi;
- lugha ambazo wenzake *wanajua* kwamba anazielewa.

Safu ya tatu ndiyo roho ya kazi. Mtu anayeelewa Kimaasai bila wenzake kujua ni shahidi aliyeketi sebuleni kwa wauaji akinywa chai. Mtu anayedhaniwa haelewi Kiswahili atasikia polisi wakipanga kumkamata mwanawe kesho asubuhi. Ukishapata pengo kati ya safu ya pili na ya tatu, umepata siri. Mhusika asiye na pengo lolote ni sawa pia, si lazima kila mtu afiche kitu.

Siku ya kulifichua pengo la mhusika, mwachie mwili wake uliseme. Mama anatunga shanga. Mpelelezi anamwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Kesho tunamchukua Lemayian." Mkalimani hajafungua mdomo, lakini sindano ya mama imesimama.

Hatua ya 3: Mpe mkalimani sababu ya kufupisha

Mkalimani kwenye hadithi ya upelelezi asiwe bomba la maji. Awe na la kupoteza. Huu hapa ni ukurasa wa mfano wetu. Angalia jinsi lugha inavyoandikwa kwenye mabano, ili mwongozaji na mwigizaji wasibahatishe:

> MPELELEZI (Kiswahili): Shikamoo, mama. Usiku ule ulisikia nini?
>
> MKALIMANI (Kimaasai): Yeyo, anauliza kama ulisikia chochote.
>
> MAMA (Kimaasai, anasema kwa muda mrefu, tunasikia "pikipiki" mara mbili):...
>
> MKALIMANI (Kiswahili): Anasema alikuwa amelala.
>
> MPELELEZI (anaandika, anasita): Amelala. Na pikipiki alizitaja za nini?

Maneno ya kuazima hupenya ukuta wa lugha, nayo ni ushahidi halali. Mtazamaji yeyote aliyekuwa makini amelisikia neno hilo pamoja na mpelelezi, kwa hiyo hajaonewa. Maneno ya mama yaandikwe kamili kwenye skripti, yatafsiriwe na mwenyeji wa eneo hilo, na yawe na maana ya kweli. Usimwachie mwigizaji aropoke chochote "kwa sababu hakuna atakayeelewa". Kuna nyumba huko Longido ambamo kila mtu ataelewa.

Hapohapo kagua jambo lingine: je, wahalifu wako wote wanasema lugha ya jamii moja? Kama ndivyo, umeitukana jamii hiyo, na umemtaja muuaji kabla ya wakati.

Hatua ya 4: Fuata sheria ya lugha ya kila upande

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya mahakama. Tanzania nayo ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Vifungu hivi vinakupa matukio bure: wakili wa Nairobi anaweza kupinga jinsi mteja wake alivyokamatwa kwa sababu aliambiwa kosa lake kwa Kiingereza, naye hakijui.

Hatua ya 5: Amua maandishi ya chini ya skrini yanafuata masikio ya nani

Hapa ndipo tamthilia nyingi zinapovuja. Chagua kanuni moja kabla ya kupiga picha. Unaweza kutafsiri kila kitu, na hapo mtazamaji atamzidi mpelelezi ujuzi. Unaweza pia kufuata masikio ya mpelelezi: asichoelewa yeye, hakitafsiriwi. Mimi napendelea njia hii ya pili kwa hadithi za mauaji, mradi usiibadilishe katikati kwa sababu tu umekwama.

Kisha kaa na mtafsiri, umwambie muuaji ni nani. Ni lazima ajue. Shahidi akisema, "Alikuja usiku, akaniambia nisiseme," Kiswahili hakijasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kitataka he au she, na mtafsiri asiyejua mwisho wa hadithi atachagua moja bila kufikiri. Akiandika she huku washukiwa ni wanaume wanne na mwanamke mmoja, tamthilia imeisha dakika ya kumi. Aandike "mtu fulani" kwa Kiingereza, au auzungushe mstari kwa kauli ya kutendwa.

Upande wa pili nao una mtego wake. Sauti kwenye simu ikisema "wifi, usije," Mswahili anajua papo hapo kwamba anayesema ni mwanamke, lakini Kiingereza kinaficha. Shangazi na mama mdogo nao huwa aunt mmoja, na kwenye kesi ya urithi tofauti yao inaweza kuwa ndiyo kesi yenyewe. Mistari ya namna hii iwekee alama kwenye skripti. Kumbuka pia nafasi ni finyu: mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi zipatazo 42 kila mstari.

Kuhusu kudabi, yaani kuweka sauti za lugha nyingine juu ya zile za waigizaji, kataa mapema kama unaweza. Tamthilia iitwayo 1899, iliyotoka Netflix mwaka 2022, imejaza meli abiria wa mataifa mbalimbali, kila mmoja na lugha yake, wengi wasioelewana. Ukiidabi yote kwa lugha moja, unabaki na watu wawili wanaosema lugha ileile huku wakishindwa kuelewana.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya siku za kupiga picha

Kule Wales, tamthilia ya upelelezi Y Gwyll ya 2013 ilipigwa mara mbili, kila tukio kwa Kiwelisi kisha kwa Kiingereza, na toleo la Kiingereza likaitwa Hinterland. Njia hiyo inakupa bidhaa mbili za kuuza, lakini inahitaji waigizaji wanaozimudu lugha zote mbili na muda wa kutosha. Kwa bajeti zetu, piga mara moja. Fedha iliyobaki mlipe mshauri wa lugha akae kwenye seti akiwa amevaa hedifoni, na awe na mamlaka ya kusema "rudieni".

Hatua ya 7: Jaribu kwa makundi mawili

Waonyeshe sehemu mbili za kwanza watu wanaoelewa Kimaasai, kisha wasiokielewa, kila kundi peke yake. Mwishoni mwa kila sehemu kila mmoja aandike jina la anayemshuku na sababu. Wenye lugha wakitangulia kidogo, vizuri, hiyo ni haki yao kama watazamaji. Wakiwa wameshamaliza kesi, punguza maneno ya mama. Na kama makundi yote mawili yamemtaja muuaji mapema, usikimbilie kuandika upya skripti. Soma kwanza maandishi ya chini mstari kwa mstari, maana mara nyingi siri huvujia huko.