Jinsi ya kuinuka kitini bila kukaza shingo

Wengi ninaowafundisha huja wakilalamikia shingo na mabega, wakidhani chanzo ni kazi nzito. Ukiwatazama vizuri, wanajikaza hata wakichukua kikombe mezani. Mimi huanza na kuinuka kitini, maana ni tendo la kila saa na mkazo hauna pa kujificha.

1. Kiti. Kiwe kigumu, kisicho na magurudumu. Kochi halifai kabisa. Sogea mbele, visigino viwe nyuma kidogo ya magoti.

2. Taka kuinuka, usiinuke. Weka vidole kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo. Sasa nuia kusimama, lakini baki umekaa. Wengi huhisi misuli inakaza papo hapo chini ya vidole: kidevu kinapanda, kichwa kinavutwa nyuma, pumzi inabanwa. Bado hujasogea hata kidogo! Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5 hivi, na kimekalia kiungo kilicho juu kuliko tunavyodhani, usawa wa masikio. Kukivuta nyuma hakukuinui.

Ukishauhisi mkazo huo, usipambane nao, utakaza misuli mingine. Usibane kidevu kifuani, wala usijinyooshe kama askari gwarideni. Achana na nia ya kuinuka, toa pumzi, shingo ilegee yenyewe, kisha nuia tena. Rudia mpaka unuie bila vidole kuhisi kitu. Hapa ndipo watu wanaponiambia "nimeshaelewa" na kutaka kusonga mbele. Tafadhali, kaa hapa hata siku kadhaa.

Wala usiamini hisia peke yake, kwa sababu mazoea ya miaka huhisi kuwa ndiyo sawa. Frederick Matthias Alexander, mghani wa Australia aliyezaliwa mwaka 1869, sauti ilikuwa ikimkauka jukwaani. Ilibidi ajitazame kwenye vioo ndipo aone kwamba anapoghani huvuta kichwa nyuma. Akajaribu kujirekebisha akiwa na hakika amefaulu, kumbe vioo vinaonyesha vingine. Mimi napendelea kujirekodi kwa simu kutoka ubavuni, kwani kioo cha pembeni hukulazimisha kugeuza shingo.

3. Inuka. Inama kuanzia nyonga, kichwa kitangulie, uzito ukifika juu ya nyayo nyoosha miguu. Mikono isisukume mapaja.

4. Hamishia kwingine. Mswaki, kalamu, kitasa cha mlango: legeza mshiko mpaka kitu kikaribie kuponyoka, kisha ongeza kidogo tu. Midomo ikifungwa, meno ya juu na ya chini yasigusane. Mikanda ya kuvuta mabega nyuma siishauri, kwa sababu haigusi kile kinachotokea kabla hujasogea.

Ukiwa na ganzi mikononi, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi mkononi, muone daktari kabla ya kujaribu lolote kati ya haya.