Rekodi za wagonjwa kwa viwango huria: anzeni na utambulisho, skrini baadaye

Vituo vingi vinavyoachana na mafaili ya karatasi huanza kwa kuchagua rangi na menyu. Kwa kituo cha afya cha Moshi au Arusha tunashauri kinyume chake. Data ikihifadhiwa kwa FHIR R4, kiwango huria cha kupanga na kubadilishana taarifa za afya, skrini mtaibadilisha hata mwakani. Wagonjwa waliochanganywa kwenye kanzidata hawatenganishwi kirahisi.

Kwa majaribio, kompyuta ya RAM GB 8 yenye Linux na Docker (chombo cha kuendesha programu ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichojitenga) inatosha. HAPI FHIR ni seva huria ya FHIR, na huwashwa kwa amri moja:

docker run -p 8080:8080 hapiproject/hapi:latest

Kanzidata inayokuja nayo, H2, ni ya kujaribia tu: kontena likifutwa, data nayo imekwenda. Kabla ya kuingiza mgonjwa wa kweli iunganisheni seva na PostgreSQL, kanzidata ya kudumu, na mahali pa "latest" wekeni namba ya toleo.

Sasa utambulisho. Kila Patient (rekodi ya mgonjwa) hubeba identifier (kitambulisho) kadhaa, kila moja na system (namba ni ya aina gani) na value (namba yenyewe) yake: namba ya faili, ya NIDA yenye tarakimu 20, ya kadi ya bima. NIDA isiwe ya lazima, maana watoto wengi hawana. Jina nalo halitoshi. Akina Mushi na Massawe hapa Kilimanjaro ni wengi mno.

Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, kompyuta ya mapokezi hutuma tena, na mgonjwa mmoja anakuwa wawili. Kinga yake ni kuongeza kichwa (header) hiki kwenye ombi la kumwandikisha mgonjwa:

If-None-Exist: identifier=http://kituo.example/faili|00417

Seva ikimkuta mwenye namba hiyo, haimwandikishi upya.

Mzee anayejua mwaka tu, birthDate yake iwe "1951". FHIR inaruhusu. Mkijaza 1951-01-01 mmetunga tarehe, na baadaye hakuna atakayejua ipi ni ya kweli. Saa nayo ina mtego: mgonjwa akisema homa ilianza saa mbili usiku, wapo watakaoandika 02:00. Skrini ionyeshe "saa 2 usiku", kanzidata ihifadhi 20:00 pamoja na +03:00.

Vipimo huingia kama Observation (rekodi ya kipimo kimoja), vikiwa na msimbo wa LOINC, orodha ya kimataifa ya vipimo, na kizio cha UCUM, mfumo sanifu wa kuandika vizio. Uzito ni 29463-7 kwa kg, joto 8310-5 kwa Cel (nyuzi za Selsiasi), hemoglobini 718-7 kwa g/dL. Presha ni Observation moja, 85354-9, yenye sehemu mbili ndani: 8480-6 ya juu na 8462-4 ya chini.

Sukari ndiyo inayotutia hofu zaidi. Kuna mashine zinazosoma mmol/L na nyingine mg/dL, na mmol/L 1 ni takriban mg/dL 18. Namba 20 kwa mmol/L ni sukari iliyopanda sana. Kwa mg/dL mgonjwa yuko karibu kuzimia, na insulini itamuua. Kila mashine ifungiwe kizio chake, na mfumo ukatae namba isiyo na kizio. Misimbo pia ni tofauti: 15074-8 ya mmol/L, 2339-0 ya mg/dL.

Umeme hukatika, kwa hiyo seva iwe na UPS (betri ya akiba). Kila usiku pg_dump, amri ya PostgreSQL, itoe nakala ya kanzidata, isimbwe kwa siri, ihifadhiwe nje ya jengo. Hizi ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kila mwezi irudisheni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, mhesabu Patient na Observation, na mlinganishe na za seva wakati nakala ilipotolewa.