Somo: Kuchora mistari kwenye taa za nyuma za gari ukiwa nyumbani

Tangu niweke mistari mitatu myeusi kwenye taa za nyuma za Toyota IST yangu, kila nikiegesha kuna mtu anauliza nimechoresha wapi. Sijachoresha. Nimechora mwenyewe barazani, Jumamosi mbili, na makopo mawili ya rangi ya kupuliza. Kazi kubwa iko kwenye tepu. Kupuliza kwenyewe ni dakika chache tu.

Kwanza, mistari ipite wapi

Kaa nyuma ya gari jioni, mtu awashe taa, kisha akanyage breki. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili: wati 5 za taa ya usiku na wati 21 za breki. Usiku, dereva aliye nyuma yako anajua unasimama hasa kwa tofauti hiyo. Pale mwanga unapowaka zaidi, mbele ya balbu, bandika kipande cha tepu kama alama. Hapo hapapiti mstari. Indiketa na taa nyeupe ya rivasi usizipitishie mstari kabisa, na rifleksa vilevile. Kama huijui rifleksa iko wapi, zima gari usiku, weka tochi ya simu karibu na jicho lako, imulike taa: kile kipande chenye vijumba vidogo kama sega la nyuki kitakurudishia mwanga.

Kipimo changu: mistari yote kwa pamoja isizidi sehemu moja kwa tano ya eneo jekundu. Yangu ina upana wa milimita 6.

Vifaa

Spana namba 10 (baadhi ya magari namba 8), sabuni ya vyombo, msasa wa maji namba 1000, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, rula ya chuma, wembe, kipande cha kioo, kopo la rangi nyeusi isiyong'aa, na kopo la klia (vanishi angavu ya kupuliza). Rangi na klia zote ziwe za akriliki, ikiwezekana za kampuni moja. Ukichanganya aina, klia inaweza kuikunja rangi ya chini kama utando wa maziwa ya moto.

Hatua ya 1: Toa taa, osha

Fungua mlango wa nyuma. Gari nyingi ndogo za Kijapani utaona bolti mbili pembeni, au nati nyuma ya kapeti. Vuta taa taratibu, chomoa soketi za balbu. Ule mpira wa kuzuia maji utunze, ukikatika taa itajaa ukungu masika yote.

Osha kwa sabuni na maji, basi. Hivi tunavyoviita vioo vya taa ni plastiki ya akriliki, na plastiki hii haipatani na thina, petroli wala asitoni. Taa yangu ya kwanza niliifuta kwa thina nikijiona fundi. Haikupita muda ikajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na hizo hazitoki hata usugue mpaka kesho. Nikaenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta taa ya mtumba. Usiitupe ile iliyoharibika, ndiyo utakayofanyia majaribio ya rangi.

Hatua ya 2: Msasa

Loweka msasa, sugua lenzi nzima kwa mkono mwepesi mpaka mng'ao wake uishe. Itapauka, na hapa wengi hushtuka. Imwagie maji: inarudi kuwa angavu. Klia itafanya kazi hiyohiyo ya maji, ila yenyewe haikauki ikaondoka.

Hatua ya 3: Tepu

Usikatie tepu juu ya lenzi, wembe utaacha mkwaruzo wa kudumu. Bandika tepu kwenye kipande cha kioo, weka rula, kata vipande vya milimita 6, halafu vibandue. Vipande hivi ni vya kupimia: vipange kwenye lenzi pale mistari itakapokaa, zungushia tepu nzima kila upande, kisha bandua vile vyembamba. Zinabaki njia safi zilizonyooka.

Taa ya kushoto na ya kulia zinatazamana. Weka karatasi juu ya taa ya kwanza, chora ramani ya mistari, igeuze, itumie kwa ya pili. Ukikadiria kwa macho, gari litaonekana kama limekonyeza.

Kandamiza kingo zote za tepu kwa kucha au kadi ya benki iliyokwisha muda. Kwenye mapindo ya lenzi rudia mara mbili, maana hapo ndipo rangi huvujia. Funika sehemu zote zilizobaki, na upande wa nyuma wa taa pia.

Hatua ya 4: Kupuliza

Vaa barakoa, fanyia kazi mahali penye hewa lakini si penye upepo wa vumbi. Tikisa kopo dakika mbili.

Koti (tabaka) la kwanza lisiwe rangi. Puliza klia nyepesi kwenye kingo za tepu na uiache ikauke. Kitakachovuja chini ya tepu kitakuwa klia isiyoonekana, na mlango wa rangi utakuwa umeshazibwa. Ujanja huu peke yake ulinipunguzia nusu ya lawama.

Sasa rangi: umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono ukitembea muda wote. Koti la kwanza la rangi liwe kama vumbi tu. Subiri dakika 10 hadi 15, rudia. Makoti matatu mepesi yanatosha. Koti moja zito linateremka kama machozi, tena linaweza kuichoma plastiki.

Hatua ya 5: Bandua, kausha, maliza

Bandua tepu rangi ikiwa bado inanata kidogo, ukiivuta nyuma kwa pembe kali. Ukingoja hadi kesho itaondoka na ukingo wa mstari. Penye mchirizi usifute: acha ukauke, kwangua kwa kijiti cha mshikaki ulichokichonga.

Kesho yake puliza klia makoti matatu juu ya lenzi nzima. Saa 24 nyingine, rudisha taa. Kisha mchana, jua likiwa kali, mwambie mtu akanyage breki nawe usimame hatua thelathini nyuma. Kama inakubidi ukodoe macho kuiona, ondoa mstari mmoja.

Maswali ya wanachama

*Mzee wa Probox:* Mkuu, bolti zangu zimeshika kutu. Naweza kuchora taa ikiwa garini?

Inawezekana, mzee wangu, ila funika bampa, mlango na ubavu kwa magazeti zaidi ya unavyodhani. Unyunyu wa rangi unasafiri. Mimi ulinifikia kwenye kandambili.

*Binti Tanga:* Kaka, klia imenikauka nyeupe kama maziwa.

Pole dada, huo ni unyevu wa hewa, sisi wa pwani tunaujua. Acha ikauke kabisa, pitisha msasa 1500 wa maji, kisha puliza upya siku ya jua kati ya saa nne na saa nane mchana, ukiwa kivulini.

*Dereva wa Rongai:* Boss, mimi nataka taa nzima iwe nyeusi ya moshi.

Hapo umehama somo. Ukifanya hivyo breki yako mchana haionekani, na trafiki wa pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania hawatakusikiliza.

*Kijana wa Mwenge:* Si bora stika?

Kama hujaamua vizuri, anza na stika. Ila mashine za maji za kuoshea magari zinainua kingo, na vumbi likishaingia chini yake utaichukia.

*Mama Junior:* Nikiichoka je?

Msasa wa maji namba 1000, halafu 1500, halafu 2000, mwisho rabingi (dawa ya kung'arishia rangi ya gari) na kitambaa laini. Tenga mchana mzima kwa kila taa.

*Mama Junior:* Rabingi sina. Dawa ya meno?

Inang'arisha, mama, ila andaa tyubu mbili na mtu wa kukupokezana.